Mkono wa Kushoto

Niwie radhi, Bi Mwantumu.
Kila asubuhi nakuamkia kwa mkono wa kushoto.
Najua. Mama aliyenizaa angenizaba kofi.
Unafungua kibanda chako cha vitenge,
unanyoosha kiganja chenye hina iliyofifia,
nami nasema shikamoo na kutoa huu,
huu wa msalani,
kwa sababu wa kulia hauna ruhusa.

Wa kulia uko kazini tangu saa moja.
Kiwiko kimelala juu ya bastola
kama kuku anayeatamia,
ubavu umeshazoea uzito:
kilo moja kasoro kidogo, na risasi nane
ninazozisaini kila jioni.

Tulifundishwa Kurasini, nyuma ya ghala,
na Sajenti Mbilinyi, mstaafu, sauti kama msumeno.
Alinivisha bastola ya mninga kiunoni
akawaambia wenzangu wapake mikono masizi ya sufuria.
"Mnyang'anyeni." Basi.
Jioni shati langu lilikuwa limeandikwa vidole
kiunoni, mgongoni, hadi kwenye kola.
Sajenti akavisoma kimoja kimoja:
"Hapa umekufa. Hapa umekufa. Hapa
umekufa wewe na mteja aliye nyuma yako."

Tangu siku ile sisimami pasipo ukuta.
Nageuza nyonga, silaha ikae mbali na watu,
kama mzazi anavyomgeuza mtoto mwenye macho mabovu
upepo wa vumbi ukija.
Anayeniuliza saa namjibu hatua mbili nyuma.
Anayeniuliza njia ya Mnazi Mmoja
namwelekeza kwa kidevu.
Kifungo cha ala nimekipapasa mara ngapi leo?
Muulize kidole gumba. Kina sugu.

Msukuma mkokoteni akipaza "Mguu huo! Mguu!"
wote wanatazama magurudumu,
mimi natazama mikono.
Mikono ya Kariakoo!
Inayohesabu noti bila kutazama,
inayopima kitambaa kwa dhiraa na kukipunja,
inayoingia mfuko wa jirani bila hodi.
Nyuso sizijui.
Mtu akinisimamisha Mbagala, eti tunafahamiana,
simkumbuki mpaka atoe kiganja.

Lihami alikuwa makini kunishinda.
Tandika, siku ya manyunyu, aliiegemeza yake, ile ndefu,
kwenye kiti cha plastiki
apulize chai.
Chai tu.
Hakuguswa hata ukucha. Aliitazama ikiondoka
juu ya pikipiki,
na siku nne baadaye ikalia Chamazi
kwa muuza dawa ambaye hakuwahi kumwona.
Siku hizi Lihami anachoma mihogo.
Chai hapulizi. Anaiacha ipoe yenyewe.

Sasa hili la Jumanne, Bi Mwantumu.
Sukari ilishuka, au ni joto, au ni ile funga yako ya sita.
Ulianguka mbele yangu na bunda zima la vitenge,
ukaninyooshea mikono miwili
nami nilikuwa na mmoja.
Nilikushika kwa huo. Goti moja chini, nyonga ukutani,
kiwiko kikabana mpaka kikauma.
Nikakuinua nusu.
Nusu ya pili aliimalizia kijana wa juisi ya miwa.
Mtu akasema, "Mlinzi gani huyu,
anamwokota mama wa watu kama ganda la ndizi."
Nilisikia.
Nilikuwa nikitazama mikono yake.

Saa kumi na mbili naikabidhi. Nane. Sahihi.
Mkono unatoka pale haujui pa kwenda.
Nyumbani nala wali kiwiko kikiwa kimebana ubavuni,
mke wangu anakivuta taratibu
kama anayefungua dirisha lililoshika kutu,
punje zinadondoka mkekani, hasemi kitu.

Jumamosi sina zamu. Nitapita kibandani
nikupe wa kulia.
Nitakuwa sina sare, huenda usinitambue.
Angalia kiwiko.